Mpera, pereira na pira

Barua nne tulizozichagua mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni chimbuko la majina ya miti katika lugha mbili za Ulaya ambazo hazitajwi sana huku kwetu, Kigalisia na Kisardinia. Chanzo chake ni swali la msomaji wetu wa Langoni, ambalo tulilichapisha mwezi uliopita bila jibu, na kumbe liliwachokoza wengine watatu. Tunalirudia hapa ili asiyelisoma naye afuate.

SWALI: Assalaamu alaykum. Nina nyumba ya wageni hapa Langoni, Lamu, na uani mna mpera. Nilipata wageni wawili, mume na mke. Mume ametoka Galicia na mke ametoka Sardinia. Mume alipousikia mti ule ukiitwa mpera alicheka, akasema kwao kuna mti uitwao pereira. Mke naye akasema kwamba tunda la mti huo kwao ni pira. Lakini nilipowakatia mapera wakatazamana, wakasema hilo silo tunda walilokuwa wakilitaja. Je, maneno haya ni ndugu, au yamefanana kwa sadfa tu? Na ikiwa ni ndugu, mbona matunda ni mbalimbali?
Msomaji wa Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yetu. Maneno hayo matatu ni ndugu, wageni wako walisikia sawasawa. Ili undugu huo uonekane ni lazima tuanze na Kilatini, kwa kuwa Kigalisia na Kisardinia ni watoto wake, kama walivyo Kiitalia, Kihispania na Kireno. (Galicia tunayoisema ni ile ya pembe ya kaskazini-magharibi ya Hispania, iliyopakana na Ureno, iko Galicia nyingine Ulaya ya mashariki, nayo haimo katika habari hii. Sardinia ni kisiwa cha Italia katika bahari ya Mediterania.)

Kilatini kilikuwa na desturi ambayo Mswahili hahitaji kuelezwa mara mbili: kilitenga mti na tunda lake kwa sarufi. Mti uliitwa pirus, na tunda lake likaitwa pirum. Mti mwingine uliitwa malus, na tunda lake malum. Majina ya miti yalihesabiwa kuwa ya kike, hata yale yenye kuishia kwa -us, ambao kwa kawaida ni mwisho wa maneno ya kiume, na majina ya matunda yakawekwa katika kundi la tatu lisilo la kike wala la kiume. Sisi husema mpera na pera, mchungwa na chungwa, mwembe na embe, wala hatusiti, kwa sababu ngeli zimekwisha kutufanyia kazi hiyo. Mrumi naye alikuwa na ngeli zake, ingawa hakuziita hivyo.

Baadaye kundi lile la tatu likafa. Wingi wa pirum ulikuwa pira, na kwa kuwa -a ulikuwa mwisho uliozoeleka wa maneno ya kike ya umoja, watu wakaanza kulisikia pira kuwa ni jina la tunda moja tu, tena la kike. Tunda likaingia katika kundi lile lile la mti wake, na mpaka uliokuwapo baina yao ukafutika. Hapo kila lugha ikabaki na shida yake, na namna Kigalisia na Kisardinia zilivyoitatua ndiyo tofauti kubwa baina ya majina ya miti ya lugha hizi mbili.

Kigalisia kilichukua kiambishi cha Kilatini -aria, chenye maana ya kitu kinachohusiana na kingine, kikakigeuza kuwa -eira, kisha kikakipachika mwishoni mwa jina la tunda. Pera likazaa pereira. Figo, yaani tini, likazaa figueira, na noz, ambalo ni tunda lenye ganda gumu, likazaa nogueira. Mazá, yaani tufaha, likazaa maceira. Neno mazá lenyewe lina hadithi yake, kwa maana limetokana na mattiana, matufaha yaliyopewa jina la Matius, Mrumi wa zama za Kaisari. Mingine ikapata umbo la kiume, -eiro, kama castiñeiro, limoeiro na piñeiro. Ukitazama vizuri utaona kwamba hiki ndicho kinachofanywa na m- yetu, ila sisi tunatanguliza na wao wanamalizia.

Kisardinia hakikujisumbua hivyo. Kwa Msardinia figu ni tini, na figu pia ni mtini. Pira ni tunda, na pira ni mti wake. Mazungumzo yenyewe ndiyo yanayoeleza kama mtu anapanda au anakula. Ikilazimu kubainisha, mtu wa kusini ya kisiwa husema mata de pira, yaani mti wa pira. Ninakiri kwamba kwa sikio la Kiswahili jambo hili linatia kiwi kidogo, lakini watu wameishi nalo kwa karne nyingi, na sijasikia kwamba kuna aliyewahi kupanda tunda akidhani ni mche.

Sasa tazama irabu. Wageni wako walitamka pera na pira, na tofauti hiyo ya e na i si ya bahati nasibu. Katika neno la Kilatini pirum, i ilikuwa fupi. Katika lugha nyingi zilizotokana na Kilatini, i fupi iligeuka kuwa e, na hapo ndipo tunapopata pera ya Kigalisia, ya Kireno na ya Kihispania. Kisardinia kiliihifadhi i kama ilivyokuwa. Kwa hiyo mpera wako unatoa ushahidi wake wenyewe: una e, basi neno letu lilipitia mlango wa magharibi. Mlango huo ni Kireno. Katika zama za kati Kigalisia na Kireno zilikuwa lugha moja, na hadi leo pera na pereira hutamkwa na kuandikwa vivyo hivyo pande zote mbili. Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498, na Wareno hawakuondoka katika pwani hii ya kaskazini hadi Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipoanguka mwaka 1698. Walituachia meza, leso, kasha na bendera. Neno bendera linafaa kuangaliwa hapa, kwa kuwa kwa Kireno ni bandeira, na linatuonyesha jinsi mababu zetu walivyoitendea sauti hiyo ya -eira. Kama wangaliuchukua mti kwa jina lake la Kireno, leo tungekuwa na neno kama perera. Hawakulichukua. Walichukua tunda peke yake, kisha mti wakauunda wenyewe kwa kutanguliza m-.

Imebaki habari ya matunda kuwa mbalimbali. Pera la wageni wako ni lile tunda la nchi za baridi ambalo siku hizi huuzwa madukani kwa jina la peasi. Mti wa uani kwako ni wa Marekani ya kitropiki, ukaletwa pande hizi baada ya safari za Wareno na Wahispania, na Wareno wenyewe tunda lake huliita goiaba. Jina la pera lililihamia kwa sababu ya umbo. Wala si pwani yetu peke yake iliyofanya hivyo. Kwa Kimarathi, lugha ya magharibi mwa Bara Hindi, tunda hili ni peru, nalo limetokana na pera ya Wareno. Kwa Kihindi ni amrud, neno la Kiajemi ambalo huko Uajemi ni jina la peasi. Majahazi yetu yalikwenda Bara Hindi na kurudi kwa pepo za msimu, kwa hiyo neno lingeweza kuja moja kwa moja au kuzungukia huko. Chimbuko lake ni la Kireno kwa vyovyote vile. Na kama unataka mfano mwingine ulio karibu nawe, litazame tofaa. Kwa Kiarabu tuffah ni tufaha, lakini tofaa letu la pwani, lile jekundu lenye maji mengi na nyama nyeupe, limetoka Asia ya kusini-mashariki, na undugu wake na tufaha ni wa jina tu.

SWALI: Nimesoma kwamba Wasardinia wa kusini huuita mti mata. Katika tungo zetu za kale mata ni silaha ya mwenye mishale, na silaha hiyo hutengenezwa kwa mti. Je, huu si ushahidi kwamba neno lilisafiri?
Kijana wa Shela, mpenzi wa ushairi

JIBU: Hapana, mwanangu, ingawa umesoma kwa makini. Mata ni wingi wa uta, na uta ni neno la Kibantu. Wakikuyu na Wakamba, wasiokuwa na bahari, wanalo vilevile. Ukiondoa ma- ya wingi unabaki na -ta. Mata ya Kisardinia, na mata ya Kigalisia yenye maana ya kichaka, m yake ni ya shina na haiondoki. Desturi njema ni kulivua neno viambishi vyake kwanza, ndipo ulipeleke mbele ya jingine.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi. Katika Biblia tunasoma habari za mialoni ya Mamre. Je, Wagalisia na Wasardinia, ambao wote walitawaliwa na Warumi, wanatumia jina moja kwa mti wa mwaloni?
Mwalimu wa Malindi

JIBU: Mwalimu mwenzangu, mwaloni wenyewe ni neno la kupandwa. Mti huo hauoti pwani yetu, na wafasiri wa Biblia walilichukua jina la Kiebrania, alon, wakalivika mw-, likawa mti wa Kiswahili kamili. Ama Wagalisia na Wasardinia, hawana jina moja, na ukweli ni kwamba hata Warumi hawakuwa nalo.

Kilatini kiliutaja mwaloni wa kawaida quercus. Mwaloni mgumu wa mbao uliitwa robur, ule usiopukutisha majani uliitwa ilex, na ule wenye gome nene la kizibo uliitwa suber. Kisardinia kilirithi karibu ghala zima: chercu ni quercus, élighe ni ilex, na suèrzu, au suèrgiu kwa watu wa kusini, ni suber. Kigalisia nacho kina aciñeira kutokana na ilex, na sobreira kutokana na suber. Lakini mwaloni unaojaza vilima vya Galicia, ule ambao kila mtoto wa kijijini anaujua, huitwa carballo, na carballo si Kilatini. Ni neno la watu waliokuwako kabla ya Warumi, ambao lugha zao zilikufa. Robur limejificha katika majina ya vijiji kama Reboredo, maana yake msitu wa mialoni, na katika mazungumzo ya kila siku neno la wenyeji ndilo lililoshinda.

Sababu mojawapo ni muda. Roma iliichukua Sardinia mwaka 238 KK, na vita vya kuiteka kaskazini ya Hispania vilimalizika mwaka 19 KK, zaidi ya miaka 200 baadaye. Lakini mimi naona sababu iliyo kubwa zaidi ni kazi. Askari na mtoza ushuru huleta majina ya vitu vinavyoandikwa katika daftari. Mti wa kuni, wa nguzo na wa kulisha nguruwe hubaki na jina alilolitumia mkata kuni jana yake. Sisi wa Lamu tunalijua hili vizuri. Mgeni akiutazama mkono wa bahari huona mikoko tu. Mkataji wa Amu huona mkoko, mkandaa, mchu, muia, mlilana na mkomafi, na mti ukishaanguka hupata jina jipya kwa unene wake: fito, mazio, boriti, nguzo. Hakuna aliyetawala hapa, awe Mreno, Mwomani au Mwingereza, aliyeyabadilisha majina hayo.

Usije ukahitimisha kwamba Galicia ndiyo iliyohifadhi ya kale na Sardinia ikayapoteza. Uko mti mdogo wa milimani, wenye majani ya miiba na matunda mekundu. Kwa Kigalisia huitwa acivro au acevo, na chimbuko lake ni Kilatini, katika neno lenye maana ya jani lenye ncha kali. Kwa Kisardinia huitwa golosti au golostri, ambalo si Kilatini kabisa, na linafanana mno na gorosti, jina la mti huo huo katika Kibaski, lugha isiyokuwa na ndugu anayejulikana katika Ulaya nzima. Wapo waliojenga juu ya neno hili nadharia nzima ya kabila moja la kale lililoenea kutoka milima ya Wabaski hadi Sardinia. Ufanano huo ni wa kweli, na wataalamu wa heshima wameutaja. Lakini kuvuta kabila zima kwa neno moja ni kuvuta jahazi kwa uzi wa kushonea.

Wakati mwingine Kilatini chenyewe ndicho kilichokopa. Mti mweupe wa nchi za baridi ambao Warumi waliuita betulla ulipata jina hilo kwa Wagali, Waselti wa nchi ambayo leo ni Ufaransa, na Plinio Mzee, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 BK, aliueleza kuwa ni mti wa Gali. Wagalisia huuita bidueiro, na shina lake ni hilo hilo la Kiselti.

Na kwa kuwa ni mwalimu, pengine utapenda jozi hii kwa darasa lako. Kilatini kilitenga materia, mbao za kujengea, na ligna, kuni. Kigalisia kilizihifadhi zote mbili, madeira na leña, sawa na sisi tunavyotenga mbao na kuni. Kisardinia kikabaki na linna, nayo hutumika kwa kuni na kwa mti wa kufanyia kazi.

SWALI: Mtaa wetu ni Mkomani, na uwanja ulio mbele ya ngome ya Lamu ni Mkunguni. Babu alikuwa akituambia kwamba majina haya ni ya miti, mkoma na mkungu. Je, watu wa nchi hizo mbili nao huita mitaa na vijiji kwa miti?
Msomaji wa Mkomani, Lamu

JIBU: Babu yako alisema kweli, na ungeweza kumwongezea Mkokoni, iliyo kaskazini ya kaunti yetu. Sisi tunatumia -ni. Warumi walikuwa na -etum, kiambishi cha mahali penye miti ya namna moja kwa wingi. Nucetum palikuwa mahali penye miti ya nux, yaani ile nogueira tuliyoitaja juu. Neno hilo moja limezaa Nocedo huko Galicia, na Nughedu huko Sardinia.

Kwa jicho la kwanza mtu hawezi kuona kwamba Nocedo na Nughedu ni pacha, lakini watu wa Amu wana njia rahisi ya kulielewa jambo hili. Kiamu husema mato na nti pale ambapo Kiunguja husema macho na nchi. Hakuna anayedhani kwamba mato ni neno jingine. Tunajua kwamba t ya huku husimama mahali pa ch ya kule, tena kwa utaratibu. Basi hivyo ndivyo ilivyo c ya Kilatini inapofuatwa na e au i. Katika Kilatini cha kale ilitamkwa k. Kigalisia kiliilainisha, na Kisardinia cha kati na kaskazini kikabaki na k, ambayo ikiwa katikati ya irabu hulegea na kuwa g. Ndiyo maana Msardinia husema élighe na sàlighe, na huyo sàlighe, mti wa kando ya mito, ndiye salgueiro wa Wagalisia, isipokuwa Wagalisia wameuongezea -eiro yao.

Jozi ninayoipenda kuliko zote ni souto na saltu. Zote zimetokana na saltus, ambalo kwa Warumi lilikuwa eneo la miti na malisho lisilolimwa. Kwa Mgalisia souto ni shamba la miti ya castiñeiro, mti ambao matunda yake yalikuwa chakula cha watu wa milimani kabla ya mahindi na viazi kuletwa kutoka Marekani. Kwa Msardinia saltu ni nchi iliyo nje ya kijiji, ya wachungaji na msitu, na katika hati za Kisardinia za zama za kati neno hilo limejaa kwa sababu watu waligombea mipaka yake. Wa kwanza waliutazama msitu kwa jicho la chakula na wa pili kwa jicho la mifugo, na kila mmoja akalikata neno kwa kipimo chake.

Mji wa Lugo, huko Galicia, uliitwa na Warumi Lucus Augusti, na lucus ni kichaka kitakatifu, japokuwa wengine hulihusisha jina hilo na mungu wa Waselti. Mashariki ya Sardinia ipo Ogliastra, ambayo kwa kawaida huhusishwa na ollastu, mzeituni-mwitu. Na mmoja wa falme nne za Sardinia ya zama za kati uliitwa Arborea, ukawa na mti uliong'olewa na mizizi yake katika nembo yake. Sheria za ufalme huo, Carta de Logu, zilizotolewa na Eleonora wa Arborea mwishoni mwa karne ya 14, zina sura za kuadhibu wachomao moto ovyo, na ziliendelea kutumika kisiwani hadi mwaka 1827.

Majina ya miti yamewaganda hata watu. Huko Galicia na Ureno utakutana na akina Carballo, Nogueira, Souto na Pereira. Jina hilo la mwisho si geni pwani hii, kwa kuwa familia za Wagoa zilizohamia Mombasa zilikuja nalo kutoka Goa, zikiwa zimelipata kwa Wareno. Wao waliupokea mti mzima pamoja na -eira yake, ile ambayo mpera wa Langoni haukuihitaji.